Kurekebisha upinde wa mti ili mshale uruke sawa

Mshale ukitoka kwenye upinde huku mkia unapiga kushoto na kuume, watu wengi hapa Lubumbashi wana dawa moja tu: wanashika kisu na kuupunguza upinde. Mti ukishapunguzwa haurudi. Na mara nyingi upinde haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kamba, au pale mshale unapopachikwa, au kwenye mshale wenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kamba kwanza, kifundo cha kupachikia pili, mshale tatu, mti mwisho kabisa. Usiuvuruge, maana kila kipimo kinasimama juu ya kile kilichotangulia. Badilisha kitu kimoja, piga mishale, andika ulichoona, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hajui kipi kimemsaidia.

Upinde ninaousema ni wa kawaida, wa mti au wa mwanzi, usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea. Nimeandika kwa anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto na kuvuta kamba kwa mkono wa kuume. Mwenye kutumia mashoto ageuze kila nilipoandika kushoto na kuume.

Vya kuwa navyo

Rula ya milimita, penseli, daftari, uzi wa mafundi viatu, nta ya nyuki, kole (gundi), msasa laini, wembe, na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wauza mihogo na samaki wanatumia sokoni. Skwea ya seremala ni nzuri ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, kona ya jalada gumu la daftari inatosha, kwa sababu imekatwa mraba.

Nta usinunue ya mshumaa. Nta ya nyuki inapatikana kwa wanaouza asali ya porini kando ya barabara zinazoingia mjini, na kipande kidogo kinakaa muda mrefu.

Kwanza, angalia upinde wenyewe

Kabla ya kuutia kamba, pitisha kipande cha pamba au kitambaa chepesi kwenye mgongo wa upinde, yaani upande unaoangalia shabaha, kutoka ncha hadi ncha. Kikinasa mahali, kuna nyuzi za mti zilizoinuka. Tazama vizuri hapo mwangani. Ufa unaokatiza mti kwa upana ni mwisho wa upinde huo. Utundike ukutani kama pambo. Geuza upande wa tumbo, ule unaokuangalia wewe, utafute mikunjo midogo kama ya ngozi ya kiwiko. Hiyo inaonyesha mti umebanwa kupita uwezo wake.

Sasa utie kamba, uushike kwa mshiko, ncha moja ikielekea jicho lako, utazame kamba inavyopita. Inatakiwa ipite katikati ya matawi yote mawili, yaani nusu ya juu na nusu ya chini ya upinde, au karibu sana na katikati. Ikienda pembeni mno, tawi limejipinda. Usifanye kitu bado. Andika tu.

Jambo ambalo mtoto yeyote wa nyumbani lazima aambiwe: upinde hauvutwi ukaachiwa bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale inarudi kwenye mti, na mti unapasuka mara moja au baada ya siku chache, wakati umeshasahau aliyeuchezea.

Kamba na kimo chake

Kimo cha kamba ni umbali kutoka kwenye kamba hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshiko, upinde ukiwa umetiwa kamba lakini haujavutwa. Hiki ndicho kipimo ambacho watu hawakipimi, na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote kukirekebisha.

Upinde ulionyooka au wenye mkunjo mmoja tu, anza na sentimita 15 hadi 18. Wazee walipima kwa ngumi iliyosimama kwenye mshiko na dole gumba limenyooshwa: ncha ya kidole iguse kamba. Kwa mkono wa mtu mzima kipimo hicho kinaangukia humo humo. Upinde ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele unataka zaidi, sentimita 18 hadi 22.

Kimo kikiwa kidogo mno, kamba inakuchapa kwenye kifundo cha mkono, na mshale unakaa muda mrefu zaidi kwenye kamba, kwa hiyo kila kosa la mkono wako linaingia ndani yake. Kikiwa kikubwa mno, mti unachoka bure na mshale unapoteza mwendo. Kati ya hapo pana mahali ambapo upinde unanyamaza. Utapasikia. Ukipiga, badala ya mlio mkali wenye mtetemo mkononi, unapata sauti fupi ya chini. Anza na kimo kidogo, piga mishale michache, ongeza nusu sentimita, piga tena, hadi sauti itulie. Andika namba hiyo ndani ya jalada la daftari.

Kuongeza kimo ni kuisokota kamba mizunguko kadhaa zaidi upande uleule iliosokotwa. Inafupika na kimo kinapanda. Kupunguza ni kuifungua mizunguko. Lakini kamba ikianza kujikunja yenyewe vifundo vifundo, umezidisha. Afadhali utengeneze nyingine fupi.

Kuhusu uzi: naona vijana wanatumia nailoni ya kuvulia samaki kwa sababu ipo kila mahali. Nailoni inanyumbuka. Unapima kimo asubuhi, jioni kimeshuka, na mshale ulioruka vizuri mchana haukubali tena. Uzi wa poliesta unaotumiwa na mafundi viatu ni bora zaidi, ukisokotwa nyuzi kadhaa pamoja na kupakwa nta. Hakikisha kamba nzima inabeba angalau mara nne ya nguvu ya upinde: upinde wa kilo 18 unataka kamba isiyokatika chini ya kilo 72. Na waya wa breki ya baiskeli usiutie kwenye upinde wa mti hata siku moja. Haunyumbuki hata kidogo, mshtuko wote unaishia kwenye ncha za mti, nao unakata mti polepole pale unapokaa.

Kamba mpya inakaa kwenye upinde saa kadhaa kabla ya kuanza vipimo, ivutwe mara nyingi bila kufika mwisho, ili ijinyooshe. Vinginevyo utapima kitu kinachotembea.

Kifundo cha kupachikia

Mshale lazima upachikwe mahali palepale kila mara. Bila kifundo kwenye kamba, vidole vyako vinakisia, na milimita tatu za makisio ni tofauti kubwa shabahani.

Weka skwea, au kona ya jalada, ili upande mmoja ulale kwenye kamba na mwingine ukae pale mshale unapolala juu ya mshiko. Hapo utapata mstari wa mraba. Kifundo kinafungwa juu ya mstari huo, si sawa nao: anza na milimita 10 hadi 13 juu. Sababu ni kwamba manyoya ya mshale yanapita juu ya kikalio, yaani mkato wa kulazia mshale juu ya mshiko, au juu ya ngumi yako kama upinde hauna kikalio, na mkia ukikaa chini mno mshale unajigonga na kuruka juu.

Zungusha uzi mwembamba mara nane au tisa kwenye kamba, ukaze, lakini usitie kole bado. Kifundo hiki kitapanda na kushuka wakati wa majaribio. Mshale unapachikwa chini yake.

Hakikisha pia mkato wa nyuma ya mshale unaikamata kamba kwa kiasi. Jaribio lake ni jepesi: pachika mshale, geuza upinde mshale uning'inie ukielekea chini. Usianguke wenyewe, lakini ukiipiga kamba kidogo kwa kidole, uachie. Ukibana kuliko hapo unaivuta kamba wakati wa kuondoka. Ukilegea zaidi, siku moja utaanguka umeshavuta kamba, na hapo umeachia upinde mtupu.

Mshale ndio wenye kesi

Kijana mmoja wa Katuba alikuja na upinde wake na kipande cha chupa kilichovunjika tayari mkononi, cha kukwangulia.

"Papa, unatupa mishale kushoto. Nipunguze wapi?"

"Usipunguze popote. Nipe kwanza mishale yako."

Ilikuwa mishale minane, na haikuwa na miwili iliyofanana. Mmoja wa matete, mmoja wa mti wa ufagio, mmoja mzito kama nondo. Upinde ule ungeitupa wapi basi?

Ili kuelewa, fikiria kinachotokea kamba inapoachiwa. Mshale umelala ubavuni mwa upinde, haupiti katikati yake. Kamba inausukuma kwa nguvu kutoka nyuma, ncha bado imetulia, kwa hiyo ufito, yaani mwili wa mshale, unapinda. Unajikunja kuuzunguka upinde, kisha unajikunja upande wa pili, unakwenda hivyo ukitetemeka hadi utulie. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Mmarekani Clarence Hickman aliupiga filamu za kasi kubwa, na mpindo huo ukaonekana wazi kwa macho. Mshale mgumu kuliko unavyotakiwa haupindi vya kutosha, unasukumwa mbali na upinde: kwa mtu wa kuume, kushoto. Mshale laini kupita kiasi unapinda mno na kwenda kuume. Kila upinde una ugumu wake wa mshale unaoukubali, na kazi yako ni kuutafuta.

Kupima ugumu wa ufito hakuhitaji mashine. Piga misumari miwili kwenye ubao au ukutani, usawa mmoja, umbali wa sentimita 66 kati yao. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ifunge waya wenye ndoano, ipime kwenye mizani ukiongeza na kupunguza maji hadi jumla ya chupa, maji na waya iwe gramu 907. Hizo ni ratili mbili. Laza ufito juu ya misumari, weka rula nyuma ya katikati yake, soma ulipo. Tundika chupa katikati kabisa, taratibu, soma tena. Tofauti ya milimita ndiyo unayoitaka. Gawanya 660 kwa tofauti hiyo, upate ugumu wa ufito kwa ratili.

Ufito ukishuka milimita 22, ugumu wake ni ratili 30. Ukishuka 16.5, ni 40. Ukishuka 13.2, ni 50. Ufito wa mti upime nyuzi za mti zikiwa zimelala vilevile kila mara, na mkato wa nyuma uukate ukikatiza mistari ya mti, usiifuate, la sivyo kamba itaupasua. Ufito wa matete uzungushe na kuupima pande mbili tatu, kwa maana tete si duara kamili.

Kisha pima nguvu ya upinde wako. Vuta mshale hadi pale unapovuta siku zote, kwenye kona ya mdomo au kwenye shavu, na mtu mwingine atie alama ya penseli kwenye ufito mbele ya upinde. Ning'iniza upinde chini ya mizani kwa kamba yake, uvute mshiko kuelekea chini hadi urefu huohuo, mwenzako asome. Kilo 18 ni karibu ratili 40. Upinde wa ratili 40 wenye kikalio kilichokatwa karibu na katikati, anza na fito za ratili 40 hadi 45. Upinde usio na kikalio, mshale ukilala juu ya ngumi, anza chini zaidi, 30 hadi 35, kwa sababu mshale una mzunguko mkubwa zaidi wa kufanya kuupita mti.

Urefu wa ufito: alama yako ya penseli na sentimita mbili au tatu zaidi. Usikate zaidi ya hapo sasa. Ufito mrefu ni laini kuliko mfupi wa unene uleule, na urefu huo wa ziada ndio akiba yako ya marekebisho.

Uzito nao una mipaka. Kwa kila ratili ya upinde, mshale mzima ukiwa na kigumba (ncha ya mbele) na manyoya uwe na nusu gramu na zaidi kidogo: upinde wa ratili 40 unataka mshale wa gramu 21 hadi 26. Mwepesi kuliko hapo unakaribia kuwa sawa na kuachia kamba tupu. Mimi nauchagua mzito. Unakwenda polepole kidogo, lakini upinde unanyamaza na mti unadumu.

Mwishowe usawa. Laza mshale juu ya kidole hadi usimame bila kuangukia upande wowote. Mshale wa sentimita 75 una katikati yake kwenye 37.5; mahali pa kusimama pawe sentimita 7.5 hadi 9 mbele ya hapo, kuelekea kigumba. Mishale ya matete inafika hapo kwa urahisi, kwa kuwa tete ni jepesi na mbele tunaingiza kipande cha mti mgumu. Tete litafutwe likiwa limekomaa, likaushwe kivulini, linyooshwe juu ya makaa bila kuliunguza, na lifungwe uzi wenye kole mbele na nyuma lisipasuke. Usilipige msasa: nguvu yake iko kwenye ganda la nje.

Manyoya yawe matatu, ya bawa, na yote ya bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kushoto umepinda tofauti na wa kuume. Ukichanganya, mshale unagombana na hewa. Ya bata mzinga ndiyo bora. Ya kanga yanafaa kwa mishale mifupi. Sentimita 10 hadi 13 kwa urefu zinatosha, na unyoya mmoja, wenye rangi tofauti kama unaweza, uelekee nje, mbali na upinde.

Mahali pa kupigia

Toka nje ya mji. Njia ya Kipushi au nyuma ya Kasapa bado utaona vichuguu vikubwa, virefu kuliko nyumba, na ndivyo ukuta mzuri wa nyuma. Lakini usipige kichuguu moja kwa moja. Udongo wake ni mgumu, ndiyo maana wafyatua matofali wanaupenda. Mshale utavunjika hapo. Jaza nguo kuukuu ndani ya gunia la makala (mkaa), ukandamize sana, ulisimamishe mbele ya kichuguu. Tazama njia za miguu. Wabeba makala na watoto wanapita mahali ambapo hutegemei, na mbele ya mshale hakuna "subiri kidogo".

Mjulishe shefu wa kartie (mtaa), na upinde uubebe ndani ya mfuko, bila kamba. Haya yote ni ya kulenga gunia. Kuwinda ni habari nyingine: sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali, na upinde haukusamehi mbele yake. Ukielekea mbuga za taifa za Kundelungu au Upemba, uache nyumbani.

Jaribio la mshale usio na manyoya

Manyoya yanaficha makosa. Mshale unaotoka vibaya unarudishwa njiani na manyoya, na wewe unadhani mambo ni sawa. Kwa hiyo tengeneza mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, yote ya ugumu mmoja, urefu mmoja, vigumba vya uzito mmoja. Kwenye ile mitupu zungusha utepe wa gundi nyuma wenye uzito wa manyoya matatu, ili usawa usibadilike.

Anza hatua tano au sita kutoka kwenye gunia, si zaidi. Mshale mtupu unaweza kuingia kwa ubavu na kuvunjika, hasa wa matete. Ukishaona hauendi vibaya sana, rudi nyuma hadi mita 10, kisha hadi 18.

Piga yenye manyoya kwanza, uone kundi lake liko wapi. Kisha mitupu. Tazama mahali ilipoingia ukilinganisha na kundi. Usitazame sana jinsi ilivyoinama kwenye gunia: nguo za ndani zinaweza kuuinamisha mshale upande wowote.

Shughulikia juu na chini kwanza. Mitupu ikiingia chini ya kundi, kifundo kiko juu mno. Kishushe milimita moja au mbili. Ikiingia juu ya kundi, kipandishe. Kuna mtego hapa: kifundo kikiwa chini sana, mkia unagonga kikalio na kurushwa juu, na mshale unaonekana kana kwamba kifundo kiko juu. Ukishusha na mambo yakazidi kuharibika, pandisha kwa sentimita nzima uanze upya kutoka huko ukishuka. Mitupu na yenye manyoya ikiwa usawa mmoja, tia kole kwenye kifundo. Hiyo imekwisha.

Sasa kushoto na kuume. Mitupu ikiwa kushoto ya kundi, mshale ni mgumu mno. Ikiwa kuume, ni laini mno.

Ukiwa mgumu: weka kigumba kizito zaidi. Uzito wa mbele unaufanya ufito upinde zaidi. Kwa ufito wa mti unaweza pia kupiga msasa urefu wote, sawasawa, kidogo kidogo, ukirudi kwenye chupa ya maji kila baada ya muda. Kama ubavu wa upinde una kipande cha ngozi pale mshale unapopita, badilisha na chembamba.

Ukiwa laini: punguza urefu wa ufito kutoka mbele, nusu sentimita tu kila mara, kwa sababu nusu sentimita inabadilisha zaidi ya unavyodhani. Au weka kigumba chepesi. Au ongeza unene wa ngozi ubavuni. Mimi naanza na ngozi, kwani inabandukwa.

Mishale ya kutengeneza kwa mkono haitafika kwenye ukamilifu. Mitupu ikiingia ndani ya upana wa kiganja kutoka kwenye kundi ukiwa mita 18, nyamaza, uanze kufurahia. Tofauti ndogo iliyobaki unaweza kuimaliza kwa kusokota kamba kidogo, usivuke nusu sentimita ya kimo.

Kabla ya kuamini chochote, piga mara nyingi na siku tofauti. Kuachia kamba vibaya kunafanana kabisa na mshale laini au mgumu. Vidole vikiikokota kamba nje, mkia unakwenda nje. Mkono unaoshika upinde ukiubana mshiko, upinde unajizungusha. Mitupu ikitawanyika kushoto mmoja na kuume mwingine, hiyo si kazi ya upinde. Pumzika, unywe maji, urudi kesho.

Dalili nyingine isiyodanganya iko kwenye upinde wenyewe. Pakaa unga wa chokaa kidogo au vumbi la mkaa kwenye ukingo wa manyoya, piga mishale mitatu, kisha tazama ubavu wa upinde na kikalio. Alama nyembamba pale mshale unapolala ni ya kawaida. Alama pana juu ya hapo, au unyoya uliochanika kila mara mahali pamoja, ni mkia unaogonga mti wakati wa kuondoka. Mara nyingi ni ufito mgumu, au unyoya wa rangi umeelekea ndani badala ya nje.

Mti, kama hakuna njia nyingine

Umefika hapa na bado mshale unapanda na kushuka njiani, haijalishi kifundo kiko wapi. Sasa pima matawi. Upinde ukiwa na kamba, pima kutoka kwenye kamba hadi tumbo la upinde, pale kila tawi linapotoka kwenye mshiko. Anayeshika kamba kwa kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini anataka tawi la juu lizidi la chini kwa milimita 3 hadi 6. Anayeweka vidole vyote vitatu chini ya mshale anataka yalingane.

Tofauti ikiwa upande usiotakiwa, na upinde hauna kikalio, ugeuze tu: tawi la chini liwe la juu. Kazi imekwisha bila kukwangua. Inashangaza jinsi watu wachache wanavyolifikiria hili.

Ikibidi kukwangua, kwangua tumbo tu, kamwe usiguse mgongo, kwa kuwa mgongo ndio unaobeba mvuto na nyuzi zake zikikatwa upinde unavunjika. Tumia ubapa wa kisu au kipande cha kioo, mikwaruzo michache kwenye tawi gumu, kisha tia kamba, vuta nusu mara ishirini au thelathini ili mti uzoee umbo jipya, ndipo upime. Kila unapokwangua unapunguza nguvu ya upinde, na fito ulizozipima zitakuwa ngumu kuliko zilivyokuwa. Zirudishe kwenye chupa ya maji.

Mvua ikianza

Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yetu inajaa maji, na mti unayanywa. Upinde uliorekebishwa Julai, kwenye baridi kavu, utakuwa mlegevu zaidi Januari, na tete lililokuwa limenyooka litajikunja. Paka mti mafuta au nta kabla ya mvua za kwanza, upime tena kimo cha kamba na nguvu ya upinde, na uwe na seti ya pili ya vigumba, vyepesi na vizito, kwa ajili ya majira hayo mawili.

Kamba itolewe kila unapomaliza kupiga. Upinde usisimamishwe ukutani kwa ncha moja, utajipinda. Ulazwe juu ya misumari miwili ya mti, mbali na jiko na mbali na mabati. Waluba walichonga vishikio vya pinde vyenye panda tatu, na vile vya wafalme, vilivyomkumbuka Mbidi Kiluwe, mwindaji wa masimulizi yao, vilihifadhiwa ndani mbali na macho ya watu. Wewe misumari miwili inatosha. Na mishale uisimamishe ndani ya bomba refu, manyoya juu, na tembe za nondo chini, maana wadudu wanayapenda manyoya kuliko unavyoyapenda wewe.